SOMO LA TAREKH: NCHI ZA WATEMI NA ZIARA YETU YA BUJORA



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika toleo hili sisi walimu wa somo la Tarekh hatukupenda kuwarudishia yale mliyokwisha kuyaandika madaftarini. Tumeona tuwaelezeni ziara ya wanafunzi 26 wa darasa la nne na la tano, waliokwenda Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, wakati wa likizo ya mwezi wa sita. Wengi mlibaki nyumbani kwa sababu nafasi za gari zilikuwa chache, na wapo wazazi waliotaka kujua kwa nini watoto wa madrasa wapelekwe huko. Maelezo haya ni yenu nyote.

Kabla ya safari tuliuliza darasani: Nchi ni nini? Mmoja akajibu kuwa nchi ni bendera, wimbo wa taifa na rais. Mwingine akaongeza pesa. Wa tatu, ambaye baba yake ni dereva wa malori, akasema nchi ni pale unaposimamishwa mpakani. Yote ni majibu mazuri. Tukauliza tena: Je, nchi inaweza kufa? Hapo darasa likanyamaza, kisha wengi wakasema haiwezi, kwani ardhi haiendi popote.

Ni kweli ardhi haiendi, lakini nchi hufa. Nyote mmesoma katika Sira namna Masahaba walivyohamia Habasha, wakapokelewa na Najashi, mfalme mwadilifu ambaye wakati ule alikuwa Mkristo. Nchi yake ilikuwa dola ya Aksum, dola kubwa iliyopiga sarafu zake yenyewe. Leo Aksum ni mji tu ndani ya Ethiopia, na dola ile haipo. Huo ni mfano wa zamani sana. Wa karibu zaidi ni Ujerumani Mashariki, nchi iliyoanza tarehe 7 Oktoba 1949 na kwisha tarehe 3 Oktoba 1990. Wajerumani hao walisaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Michenzani kule Unguja, na majumba yamebaki hali ya kuwa nchi iliyosaidia kuyajenga imeondoka. Mwaka 2006 mjini Berlin ilifunguliwa makumbusho ya maisha ya nchi hiyo, na mtu mzima aliyezaliwa humo anaweza kuingia akaviona viti na vyombo vya jikoni alivyokulia navyo vikiwa vimewekwa watu wavitazame.

Hata nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa Tanzania, ilikuwa Tanganyika. Tarehe 26 Aprili 1964 iliungana na Zanzibar, na tangu hapo hakuna tena dola yenye jina la Tanganyika wala kiti chake Umoja wa Mataifa. Iliishi miaka 2 na miezi 4 na ushei. Mwanafunzi mmoja alisema kuwa hata ng'ombe wa babu yake ameishi zaidi ya hapo. Tulicheka, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

NCHI ZILIZOKUWA HAPA KWETU

Sasa tuje Maswa. Kabla ya Wajerumani, Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Zilikuwepo nchi nyingi, kubwa na ndogo, na kila moja ilikuwa na mtemi wake. Hata neno Usukuma halikuwa jina la nchi yoyote kati ya hizo. Sukuma maana yake ni kaskazini, kama vile dakama ni kusini na kiya ni mashariki. Mtu aliyeulizwa kwao hakusema mimi ni Msukuma, alitaja nchi ya mtemi wake. Katika eneo ambalo Waingereza waliliita Wilaya ya Maswa, ambalo lilichukua pia Bariadi, Itilima na Meatu za leo, zilikuwemo Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa, Meatu, Mwagala na nyinginezo.

Mtayaona majina hayo mnayajua. Itilima na Meatu leo ni wilaya. Dutwa na Kanadi ni majina tunayoyasikia kila siku stendi. Na yule mnayemwita Mnyantuzu mkitaniana naye uwanjani, jina lake hilo maana yake ni mtu wa Ntuzu. Watu wanaitwa kwa jina la nchi isiyokuwepo na wala hawajui kwamba iliwahi kuwa nchi! Hili ndilo lililotufanya tufunge safari.

Wapo waliouliza kama inafaa, kwani makumbusho ya Bujora yamo katika eneo la misheni ya Kikatoliki, na ndani yake vimo vifaa vya waganga wa jadi. Suali hilo lilistahili kujibiwa. Tuliwajibu kwamba Qur'ani inatuhimiza mahali pengi, kwa mfano katika Suratur-Rum, kutembea katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia, na hao waliotutangulia wengi wao hawakuwa Waislamu. Kutazama si kuabudu. Mzazi mmoja hakuridhika, akambakisha mwanawe, nasi tuliheshimu uamuzi wake.

SAFARI NA TULIYOYAONA

Tuliondoka Nyalikungu baada ya swala ya Alfajiri kwa gari aina ya Coaster, tukapita Bariadi, tukatokea Lamadi kwenye barabara ya Musoma. Wanafunzi wengi hapo ndipo walipoliona Ziwa Viktoria kwa mara ya kwanza. Upande wa Magu tulivuka Mto Simiyu, mto uliotoa jina la mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2012. Kisesa tulifika kabla ya jua kuwa kali.

Bujora ipo juu ya kilima chenye mawe, karibu kilomita 20 kutoka Mwanza mjini. Aliyeianzisha makumbusho hii ni padri kutoka Kanada, David Clement, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wa zamani huwaita White Fathers. Alifika Usukuma akajifunza lugha, wenyeji wakamwita Fumbuka, na kuanzia miaka ya 1950 yeye na wazee wa Kisukuma wakawa wanakusanya vitu ambavyo vingeoza au kuuzwa. Alifariki mwaka 1986. Sisi tunasema wazi kwamba hatukubaliani naye katika dini, na tunasema wazi vile vile kwamba alikusanya kile ambacho sisi wenye babu zetu humo hatukukikusanya.

Mzee aliyetupokea alitusalimu, "Mwangaluka!" Wanafunzi wakaitikia kwa sauti moja, "Mwangaluka, baba!" Kuanzia hapo alichanganya Kiswahili na Kisukuma, na waliokulia mjini ikabidi watafsiriwe na wenzao wa Lalago na Zanzui. Ilikuwa ni jambo jema kwao, maana darasani huwa ni kinyume chake.

Tuliona nyumba ya msonge na mpangilio wake wa ndani, nyumba ya mhunzi na zana zake, na nyumba ya mganga, ambayo hatukukaa sana. Tuliona pia pipa linalozungushwa, limeandikwa namna mbalimbali za Wasukuma za kuhesabu moja hadi kumi, kwani kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia. Wavulana hawakutaka kuondoka hapo. Walikwisha kuanza kutunga hesabu yao ya siri, na tunahofia tutaisikia wakati wa mtihani.

Lakini mahali tulipokaa muda mrefu kuliko pote ni banda la watemi. Banda lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Ndani yake zimewekwa ngoma za watemi na vifaa vya utawala wao. Mwanafunzi aliyesema kwamba nchi ni bendera akauliza bendera zao zilikuwa wapi. Mzee akamwonyesha ngoma. Nchi ya mtemi haikuwa na bendera, ilikuwa na ngoma, na wale wazee waliomchagua mtemi na kumshauri waliitwa banang'oma, yaani watu wa ngoma.

Hapa tufafanue kidogo, kwa sababu wengi wenu mnadhani mtemi alikuwa mtu wa kuamuru tu akafuatwa. Neno lenyewe linahusishwa na kutema, yaani kukata. Wapo wanaosema ni kukata msitu, kwa kuwa mtemi wa kwanza ndiye aliyefyeka pori watu wakakaa, na wapo wanaosema ni kukata shauri. Mtemi alikata mashauri, aligawa ardhi kwa kupitia banangwa, ambao ndio viongozi wa vijiji, na ghala lake lilikuwa akiba ya nchi wakati wa njaa. Lakini banang'oma waliomweka waliweza kumwondoa. Mvua ikikosekana, lawama ilikuwa yake, na watemi wamewahi kuvuliwa utemi kwa sababu ya ukame. Sisi tunajua mvua ni ya Mwenyezi Mungu na tunaswali Istisqaa. Hata hivyo fikirieni mtawala ambaye kila mwezi wa kumi na moja anatazama mawingu huku akijua kwamba kiti chake kinategemea mawingu hayo.

Jambo jingine liliwashtua wale wanaosoma Faraidh. Zamani mrithi wa mtemi hakuwa mwanawe. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Wazee hutoa sababu nyepesi: mtoto wa dada hana shaka kuwa ni wa ukoo. Mpango huo ulibadilika wakati wa Waingereza, watoto wa kiume wakaanza kurithi baba zao. Desturi hizi ziliandikwa na Hans Cory, mtu wa asili ya Austria aliyefanya kazi ya utafiti kwa serikali ya Tanganyika, katika vitabu vyake vya mwaka 1951 na 1953. Hivyo basi hata walioandika walikuwa wageni.

Tulielezwa pia habari za gamba la konokono wa baharini ambalo lilikuwa alama ya utemi. Kutoka Maswa hadi baharini ni mamia ya maili, na gamba lile lilifika huku mkono kwa mkono kabla ya kuwepo gari moshi. Vijana wa Usukuma nao walikuwa wakisafiri kwa misafara hadi Ziwa Eyasi kuleta chumvi. Kwa hiyo yule anayesema wazee wetu walikaa tu na ng'ombe bila kujua ya ulimwengu, aulize chumvi ya mchuzi wao ilitoka wapi.

RAMANI

Kuna ramani kubwa ya nchi za zamani za Usukuma. Tuliwaambia wanafunzi kila mmoja atafute kwao. Hapo ndipo ziara ilipogeuka.

Kati ya wanafunzi 26, waliojua babu zao walikuwa chini ya mtemi wa nchi gani walikuwa watatu tu. Wengine walitafuta neno Maswa wakitarajia kuliona limeandikwa kwa herufi kubwa kama lilivyo kwenye kibao cha Halmashauri. Wakaona Ntuzu, wakaona Itilima, wakaona Meatu. Msichana mmoja, ambaye ni hodari wa Tarekh na anaweza kuwatajia Makhalifa wa Bani Umayya kwa mpangilio, alisimama pale muda mrefu, kisha akatuambia kwa sauti ndogo kwamba anajua mipaka ya dola ya Abbasiya kuliko nchi aliyozaliwa babu yake. Hatukuwa na la kumjibu, kwani sisi ndio tuliomfundisha.

NAMNA ZILIVYOKWISHA

Nchi hizi hazikupigwa vita siku moja zikaanguka, na mwisho wake ulikuwa wa polepole. Wajerumani walipokuja waliwakuta watemi wakawatumia. Waingereza waliuteka mji wa Mwanza mwezi Julai 1916, na mwaka 1926 wakatunga sheria ya kutawala kwa kupitia viongozi wa wenyeji. Mtemi akapewa mshahara, baraza na karani. Kwa nje alionekana ameongezewa nguvu. Kwa ndani alikuwa amepata bwana mwingine, na yule anayelipwa na bwana mkubwa hawezi tena kuondolewa kirahisi na banang'oma, hata mvua isiponyesha.

Miaka ya 1940 nchi hizo ziliunganishwa katika Shirikisho la Usukuma, makao yake Malya. Nyinyi mnaijua Malya kwa sababu ya chuo cha michezo, lakini wakati ule palikuwa ndipo watemi wa Usukuma wote walipokutana kwenye baraza moja. Wengine walipanda juu zaidi. Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, aliteuliwa mwaka 1945 kuingia Baraza la Kutunga Sheria, yeye na Mangi Abdiel Shangali wa Machame wakiwa Waafrika wa kwanza kukaa humo.

Pamoja na heshima hiyo zilikuja amri. Ulikuwepo mpango wa serikali wa kuendeleza Usukuma, ulioanza mwaka 1947: watu walime kwa matuta, wapande ekari kadhaa za mazao yaliyotajwa, wapunguze mifugo kwa kuuza sehemu yake kila mwaka. Huenda nyuma ya amri hizo ilikuwepo nia ya kuokoa ardhi iliyokuwa inachoka. Lakini asiyetii alitozwa faini, na aliyeitoza hakuwa Mwingereza. Alikuwa mtemi na banangwa wake. Kwa hiyo Tanganyika ilipopata uhuru, na sheria ya mwaka 1963 ikafuta utawala wa machifu nchi nzima, wengi hawakulia. Na nchi iliyozifuta nchi za watemi nayo ikaungana na nyingine mwaka uliofuata, ikapewa jina jipya.

Habari hii ya faini hatukuisoma kwenye ngoma, kwani ngoma haiwezi kuieleza. Tumeipata hapa hapa Maswa baada ya kurudi. Tuliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani wakaulize mambo matatu: babu na bibi zao walikuwa wa nchi gani, nani alikuwa mwanangwa wa kijiji chao, na siku watemi walipoondolewa watu walisema nini. Majibu tuliyasoma darasani Jumamosi iliyofuata.

Kijana mmoja alikuja na furaha kwamba baba wa babu yake alikuwa mwanangwa, na nyumbani bado ipo fimbo yake. Wa pili yake akasoma kwamba bibi yake alikataa kuzungumza siku ya kwanza. Siku ya pili bibi akamwambia kwamba alipokuwa msichana mdogo walikuwa wakificha ng'ombe porini usiku kabla ya hesabu ya mifugo, na kwamba mwanangwa aliwagundua, baba yake akatozwa faini, akauza ndama aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya harusi ya dada yake mkubwa. Akataja jina la mwanangwa yule. Likawa ni jina lile lile lililotoka kusomwa.

Wale wawili wanakaa dawati moja. Darasa zima liligeuka kuwatazama. Mwenye fimbo aliinama, kisha akamwuliza mwenzake, "Ndama alikuwa na rangi gani?" Mwenzake hakujua, akaahidi kwenda kuuliza. Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili kwa bibi huyo baada ya swala ya Ijumaa, wakamchukulia sukari. Tunavyoelewa, bibi aliwapokea, akawasimulia tena tangu mwanzo, na safari hii alieleza kwamba mwanangwa naye alikuwa na ng'ombe wake waliohesabiwa, na kwamba mkewe ndiye aliyewaletea mtama mwaka wa njaa. Hilo hakulisema mara ya kwanza. Ndama alikuwa mweupe mwenye baka jeusi begani.

Tumefungua daftari kubwa pale ofisini, kila nchi ya zamani ina kurasa zake. Hadi tunapoandika makala haya, Ntuzu ina kurasa 11 zilizojaa, Itilima 6, Mwagala 4, Meatu 2. Dutwa tuna ukurasa mmoja, nao umeandikwa na mtu aliyesimuliwa na mwenzake, kwa hiyo bado hatujauhesabu. Kanadi hatuna kitu. Wazee wawili tuliotajiwa kuwa wanaijua vizuri, mmoja tulimkuta ni mgonjwa, na wa pili tulichelewa siku tisa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwanafunzi au mzazi yeyote mwenye babu au bibi wa Kanadi, amwone mwalimu wa Tarekh baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Alhamisi. Mwalimu ana pikipiki na yuko tayari kumfuata mzee huko huko aliko.